Salamu Zilizokula Dakika

Pulchérie, Mkongomani, hakuwahi kuingia mahali bila kusalimia kila kilichokuwamo. Alianza na watu, wakubwa kwa wadogo, akauliza habari za waliokuwa mbali, akamalizia na mbuzi na kuku. Kwa jirani yake Alida, Mrundi aliyeshona sare za shule karibu na soko la Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alisalimia hata cherehani. "Na mashine? Imeamuka je?" Na alingoja jibu. Sokoni walimwita Mama Jambo, na wenye haraka, wakimwona anakuja na beseni lake la samaki, walipitia nyuma ya vibanda.

Alida alimpenda, ingawa kuna asubuhi alizojifanya hayupo. Asubuhi ile hakupata nafasi ya kujificha, kwa sababu simu yake ililia kwanza.

Namba hakuijua. Kwingine mtu huiacha simu ya namna hiyo ilie, Nakivale huikimbilia. Huenda ni ofisi inakuita kwenye mahojiano ya kuhamia nchi nyingine uliyoyangoja miaka, na ukiikosa, nani atakupigia tena? Alida alishazoea kuijibu kama mwanafunzi: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, ndiyo bwana, asante bwana.

"Madame Alida," ilisema sauti ya upole, "hapa ni benki. Kadi yako inafungwa leo. Tunataka kuiokoa."

Ndani ya kadi ile ilikuwamo akiba yake yote, ya kununua mashine ya pili kabla shule hazijafunguliwa. Alikuwa amemwahidi dada yake Ancilla kumwachisha kulima mashamba ya watu, aje wakae wawili, washone. Basi alisoma namba za mbele ya kadi, akasoma na zile za nyuma.

"Sasa utaona ujumbe wenye namba sita. Nisomee haraka, Madame, mtambo unafunga."

Ujumbe ukaingia. "Nne," Alida akasoma. "Saba..."

Hapo Pulchérie akainamisha kichwa mlangoni. "Jambo Alida! Jambo mashine! Ni nani mu simu?"

"Ni wa benki, mama, ngoja..."

"Wa benki! Leta nimusalimie." Alishaichukua. "Jambo papa! Mumeamuka je? Na madame? Na batoto?"

"Wazima, mama. Mrudishie Madame Alida simu."

"Mungu asifiwe. Na mama muzazi, angali?"

"Yupo. Mama, nina haraka!"

"Oh, masikini. Iko mugonjwa?"

"Nani mgonjwa?"

"Mama yako. Mutu akikimbia hivi, iko mugonjwa ku nyumba. Ni miguu? Yangu ilinisumbua mingi. Chukua maji ya moto, tia chumvi..."

Alida alinyoosha mkono kuomba simu. Pulchérie akageukia ukuta ili asikie vizuri. Alieleza maji, akaeleza chumvi, akaeleza namna ya kukanda kutoka kisigino kwenda juu. Sauti ya upole ilianza kukwaruza.

"Mama, muda unaisha!"

"Muda wa nani, papa? Sisi tuko nao."

Ndipo yule mtu alipotoa tusi zito, la kumtukana mama wa mtu, na kukata. Pulchérie aliitazama simu kwa huzuni.

"Mama yake iko mugonjwa sana," alisema.

Lakini Alida alikuwa ameshaanza kutafuta nauli ya kwenda benki. Benki haitukani.

Siku hiyohiyo waliteremka mjini Mbarara, Pulchérie akimsindikiza na kusalimia abiria wote. Kwenye benki, dada wa kaunta alisikiliza, akaifunga kadi, akatazama akiba: haijaguswa.

"Una bahati, nyabo. Ile namba ya kwa simu inakaa dakika kidogo, inakufa. Na yeye alipata mbili tu. Benki haiwezi kukuuliza hiyo namba, kamwe. Hata mimi hapa, usiniambie. Mtu akipiga, kata, halafu piga namba iko nyuma ya kadi, ama kuja hapa. Lakini hizo dakika zote alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anasalimiwa," Alida akasema.

Akamgeukia mwenzake. "Mama, ulijua ni mwizi?"

"Mwizi?" Pulchérie alishtuka kweli. "Mie nilikuwa namusalimia tu."

Kadi mpya ilipotoka na Alida akaenda kwenye mashine ya pesa iliyo nje kuchagua namba ya siri, Pulchérie alivua kitenge chake cha juu, akakitandaza nyuma ya mwenzake kama pazia. "Nyabo, unaogesha mtoto?" askari aliuliza, foleni nzima ikacheka. Nyuma ya pazia Alida naye alicheka hata akakosea, ikabidi aanze upya.

Shule zilipofunguliwa, cherehani zilikuwa mbili, na Ancilla ameketi kwenye ya pili. Salamu za asubuhi zikawa ndefu zaidi. Hakuna aliyejificha tena.

Kisha simu ya kweli, ya ofisi, ikamfikia Pulchérie mwenyewe: alipata safari ya kwenda nchi ya baridi. Asubuhi ya kuondoka alimsalimia dereva wa basi, akasalimia matairi, akamshika Alida mikono yote miwili.

"Ukisikia sauti yangu mu simu inaomba pesa," alisema, "na haijauliza kwanza mashine zimeamuka je, kata. Hiyo si mie."