Vipenga Viwili kwa Mpigo

Msusi mmoja, mwenye saluni ya viti vitatu nyuma ya kituo cha mabasi, alikuwa na tatizo la kucheka. Akiogopa, anacheka. Siku ya harusi yake alicheka mpaka bwana harusi akajikagua zipu. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa kipenga achezeshe fainali yake ya kwanza ya mpira wa kikapu wa wanawake.

Mwenzake uwanjani alikuwa fundi bomba, pande la mtu aliyepachikwa jina la Mnara. Walikuwa wamechezesha pamoja mechi nyingi ndogo, wakielewana kwa macho tu: mmoja chini ya kikapu, mwingine nyuma ya mpira, wakibadilishana kadiri mchezo unavyogeuka. Mama mkwe wa msusi alikaa mstari wa mbele kabisa, jezi ya wenyeji ikimbana, akigonga sufuria kwa mwiko.

Zikiwa zimebaki sekunde chache, pointi sawa kwa sawa, mchezaji wa wenyeji alichomoka kuelekea kikapuni. Mlinzi akamsimamia njiani. Wakagongana puu, wote chali, na mpira ukazama. Vipenga viwili vikalia kwa mpigo. Msusi akaweka mkono kisogoni: kosa la mshambuliaji. Mnara akashika kiuno kwa mikono miwili: kosa la mlinzi.

Jukwaa zima likalipuka kwa shangwe, maana kila upande ulikuwa umepata mwamuzi wake.

Wakakutana katikati. Kicheko kilishaanza kumpanda msusi.

"Usicheke," Mnara akanong'ona, akikodolea macho viatu vyake. "Ukicheka tumekwisha."

"Sicheki. Wewe umeona nini?"

"Mlinzi amesogea."

"Umeiona miguu yake?"

"Nimeona mgongo wa mshambuliaji. Miguu nimekisia."

"Mimi nilikuwa pale pale chini. Ilikuwa imeshatulia. Kagongwa kifuani."

"Basi ni yako. Kikapu tunakifuta." Kisha akaongeza taratibu, "Ila mama mkwe wako amejivika sufuria kichwani."

Hapo wakaishiwa nguvu. Walicheka wameshikana mabega, machozi yakiwatiririka, na watu waliokuwa wamejiandaa kutukana wakajikuta wanacheka nao bila kujua kinachochekesha. Mnara akajifuta macho, akaenda mwenyewe mezani kwa waandishi wa pointi, akaibadili ishara yake mbele ya wote.

Wageni wakapewa mpira, wakarusha, ukaingia. Mechi ikaishia hapo.

Mama mkwe alimsubiri mlangoni, mikono kifuani. "Mkwe wangu, leo utakula kwenu."

"Sawa, mama."

Wakatembea hadi kona ya duka la dawa. "Yule binti alikuwa amesimama kweli," mama akasema, kama anayemwambia ukuta. "Hebu nionyeshe ile ya kisogoni."

Msusi akamwonyesha. Wakashuka na barabara, mama akiwapigia waendesha baiskeli kipenga cha mkwewe na kuwahukumu, mkono kisogoni, mmoja baada ya mwingine.