Balbu ya Mwisho ya Mwalimu

Wiki nzima sijalala vizuri. Najiuliza kama kosa la mtoto wa miaka tisa bado ni lake akishamaliza chuo kikuu. Juzi sokoni Thika nilikutana na mwalimu wangu wa zamani, akaniambia bado anajilaumu kwa picha ya jirani yetu. Nikacheka kidogo, nikamuaga haraka.

Nakumbuka siku za kafyu pale Ruiru, giza lilivyotukuta sote ndani. Nyumba yetu ilinukia moshi na viazi vya kuchoma, nyanya yangu akimenya njegere. Mwalimu, mpangaji wetu, alikuwa na kamera ya kisanduku na mshahara mdogo. Balbu ya kupigia picha gizani huwaka mara moja tu, basi. Alinunua moja moja, akailamba kitako ili umeme upite vizuri, akaiunganisha kwa waya na betri za tochi. Kamera haikuweza kuiwasha, kwa hiyo tuligawana kazi: mimi navuta kiwiko, kile kichuma cha pembeni, kufungua jicho la kamera, yeye anawasha, mimi narudisha.

Jioni moja, mwalimu akiwa na balbu moja tu, jirani alikuja na mwanawe aliyekuwa aondoke alfajiri kwenda kazini Mombasa. Hawakuwa na picha hata moja pamoja.

"Mama, usifumbe macho," mwalimu akamwambia.

"Wewe washa tu! Macho haya yamezoea moshi, yatashindwa na kichupa?"

Nyanya akacheka, akazima koroboi.

"Umefungua?" mwalimu akaniuliza.

Nilikuwa nimeziba macho kwa mikono yote miwili kwa kuogopa ule mwanga. "Ndiyo," nikasema.

Chumba kikawa cheupe, wakashangilia. Nilipopapasa kiwiko, nilikuta sikuwa nimekivuta. Nikanyamaza.

Filamu iliposafishwa, picha yao haikuwemo. Mwalimu akamwomba jirani msamaha, akisema tamaa ya bei rahisi ilimfanya anunue balbu hafifu. Mama yule alifariki kabla mwanawe hajarudi, na mwalimu akauza kamera.

Nyumba ile ilibomolewa, nyanya hayupo, na sijui nani siku hizi humenya njegere pale. Nimechoka kuyapima maneno. Leo asubuhi nilienda Kamenu, nikabisha kwake. Alikuwa bado anasema, "Karibu chai," nilipomkatiza.

"Mwalimu, balbu yako ilikuwa nzima. Ni mimi sikufungua."