Sista Mizani na Wagonjwa wa Malengelenge

Alizaliwa mwaka 1948, binti wa tatu wa fundi seremala na mkewe mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana. Alipotimiza miaka kumi na minne, mama yake alitokwa na vidonda kinywani, kisha malengelenge mwili mzima, yakipasuka na kuacha nyama wazi. Kila asubuhi binti alimlowesha mama yake kwa maji ya uvuguvugu ili ngozi iachane na shuka. Mama alifariki mwezi wa saba. Binti hakuona maono wala kusikia sauti, alimwambia tu baba yake, "Baba, nataka kukijua kilichomla mama."

Aliingia utawani mwaka 1968, akasomeshwa udaktari, na mwaka 1979 akakabidhiwa wodi ya ngozi: vitanda kumi na viwili, na mizani ya chuma mlangoni. Huko akaujua ugonjwa ule. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, huigeukia ngozi yenyewe. Dawa ya kuituliza ilikuwepo, prednisoloni. Kilichomtesa ni kiasi chake. Ukitoa kidogo, malengelenge yanaendelea. Ukitoa kingi, kinga inalala kabisa na mgonjwa anabaki bila mlinzi.

Mwaka 1983 walilazwa wanawake wawili, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alikuwa mwalimu wa chekechea, na Sista alimpa dozi kubwa. Baada ya wiki tatu ngozi ilifunga, mwalimu akaomba kioo, akacheka. Wiki ya tano homa ilimpanda, vijidudu vikaingia kwenye damu, akazikwa akiwa na ngozi safi. Sista akaingiwa na hofu, na alipolazwa yule wa pili, mkunga mstaafu, Sista akampa nusu ya dozi ile. Malengelenge hayakusimama.

"Sista, si ulisema dawa ipo?" mkunga alimuuliza.

"Ipo, mama."

"Sasa mbona mimi hainifikii?"

Mkunga hakuishi kumaliza mwezi.

Tangu hapo sala zilimkauka. Alipiga magoti kanisani kama aliyeagizwa mahali na kusahau alichotumwa. Alimwendea Mama Mkuu, akasema, "Nikiongeza naua, nikipunguza naua. Na Mungu ananitazama tu."

Mama Mkuu alimjibu, "Basi rudi wodini, akutazame ukiwa kazini."

Alirudi bila faraja yoyote. Akawa anampima kila mgonjwa uzito asubuhi, anahesabu malengelenge mapya moja moja, anaanza na miligramu moja kwa kila kilo, na hapunguzi mpaka wiki mbili zipite bila lengelenge jipya. Akipunguza, alipunguza kidogo kidogo, huku dawa ya pili ya kutuliza kinga ikisaidia. Wagonjwa wakambandika jina Sista Mizani, wakitaniana kwamba hata malaika wake lazima apande mizani kwanza. Hata hivyo, kati ya wagonjwa sitini na watatu aliowatibu, ishirini na wawili walikufa. Kwenye faili la kila marehemu aliandika alichodhani amekikosea. Faili la mkunga lina maneno mawili: "Niliogopa mimi."

Alifariki mwaka 2003 kwa nimonia, bila kusema kwamba giza la moyoni lilikuwa limemwondoka. Padri alipomwuliza kama ana neno la mwisho, alisema, "Yule mpishi wa kitanda cha nne, msimpunguzie bado."

Hawakumpunguzia. Mpishi yule yu hai, mgongo umejaa makovu meusi. Waumini walipopeleka habari zake kama muujiza, ili Sista atangazwe mtakatifu, wachunguzi wa Kanisa walijibu kwamba ni dawa iliyomponya, wakalifunga shauri. Nasi tunaomwombea Sista hatubishani nao. Tujifunze kwake kuingia wodini asubuhi, moyo ukiwa mtupu, na kumhesabia mgonjwa malengelenge yake bila kuruka hata moja.