Utani wa Kuazima

Nakumbuka siku moja nilimwita mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi punda wa kubeba magunia, mbele ya kiwanda kizima, kisha nikasubiri watu wacheke. Hakucheka mtu. Mwanangu, aibu ile ilinikaa miezi, ingawa siku hizi nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka wajukuu wananiuliza bibi una nini.

Kilikuwa kiwanda cha korosho, upande wa Temeke, miaka ile ya Ujamaa ambapo tuliitana ndugu hata na mtu aliyekunyima chumvi jana yake. Mimi nilikuwa binti wa Kimakonde kutoka Newala, nimeletwa mjini na ndoa, nina mtoto wa miezi minne, Hadija, niliyekuwa namwacha kwa jirani Tandika. Wanawake ndio tuliokuwa wengi pale kiwandani. Tulibangua, tukamenya, tukachambua, mafuta ya maganda yakitubabua vidole. Lakini kwenye kamati walikaa wanaume watupu, na hakuna aliyeona ajabu.

Kila mchana nilikimbia Tandika kwenda kunyonyesha. Nikirudi, king'ora cha kuingia kazini kimeshalia. Nilikuwa nimepewa onyo moja la maandishi, na kila mtu alijua kwamba la tatu ni la kukuaga. Kazi ile niliitaka, sikufichi. Nilikuwa na mume mzuri, lakini nilipenda kuwa na kitu ambacho jina lililoandikwa juu yake ni langu.

Sasa, mwenyekiti wetu alikuwa Ndugu Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa makamo asiyeachana na kofia yake. Na kwenye meza yetu ya kuchambua alikuwepo mama mmoja wa Kizaramo, Bi. Chausiku, aliyekuwa pale tangu kiwanda kinafunguliwa. Unajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Basi kila asubuhi getini ilikuwa vituko. "Umeamka, mpagazi wangu?" Bi. Chausiku anauliza. Naye Ndugu Maganga anajibu, "Mie nimeamka. Nyie wavivu wa Pwani ndio sijui kama mmeamka au mnaota." Wanacheka, wanapita. Na mimi nikaona kwamba kila analoliomba mama yule katikati ya mizaha anapewa. Nikajisemea, kumbe siri ndiyo hii! Mwanamke akitaka kusikilizwa hapa awe na ulimi wa pilipili.

Ujana una mambo. Mkutano wa wafanyakazi ulipofika, nikasimama bila kumwambia mtu. Nikasema, "Wewe Maganga, punda wa kubeba magunia, sie wanawake tumechoka. Tunataka ruhusa ya kwenda kunyonyesha."

Ndugu Maganga aliisogeza kofia yake nyuma. "Binti," akasema taratibu, "mie na wewe tuna utani tangu lini?" Nilitazama huku na huku nitafute msaada. Wanawake wenzangu wote walikuwa wanaangalia sakafu. Akafunga jambo langu, akaita ajenda nyingine, na kesho yake nikaletewa onyo la pili kwa utovu wa adabu. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilikuwa nimejikwaa vyote viwili, maana wakati wa kukaa nilijigonga kidole kwenye benchi.

Bi. Chausiku hakuniambia kitu siku ile wala ya pili yake. Siku ya tatu, mikono yake ikiendelea kuchambua na macho yake yako kwenye korosho, akasema, "Nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Shikamoo, mama," nikasema, kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana.

"Marahaba. Utani wangu na yule bwana nimerithi kwa babu zangu. Wewe Mmakonde una watani wako, kawatafute. Hilo ni dogo, utasamehewa. Kubwa ni lile jingine. Ulisema 'sie wanawake'. Ulimuuliza nani?"

Nikaokota korosho nyingine.

"Mie hukuniuliza. Na nina miaka mingapi sijanyonyesha? Ukinisemea bila kuniuliza, una tofauti gani na hao kamati?"

Mwanangu, nilikasirika. Nilikwenda msalani nikalia kwa hasira, nikamwita mchawi kimoyomoyo. Lakini usiku ule sikupata la kumjibu, na mtu ukikosa jibu, ujue umeambiwa kweli.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikamchukua shangazi yangu aliyekuwa akiishi mjini, tukaenda kwa Ndugu Maganga, nikaomba radhi kama inavyopasa. Aliipokea vizuri tu. Kisha nikaanza kuzunguka. Kila mapumziko, kwa wiki tatu, nilikaa na meza tofauti nikauliza na kufunga mdomo. Hapo ndipo nilipojua kwamba lile ombi langu lilikuwa la mtu mmoja. Mimi nilikaa Tandika, karibu. Wenzangu waliokaa Mbagala ruhusa ya mchana ingewasaidia nini? Walichotaka ni chumba palepale kiwandani, walete watoto. Mama mmoja wa kubangua akanionyesha stoo iliyojaa magunia mabovu ambayo hakuna aliyeyataka. Wazee wawili, ambao macho yao hayakuweza tena kutenganisha korosho nzima na iliyovunjika, na waliokuwa wakihofia kuachishwa, wakasema wao wangelea. Wale wasio na watoto wadogo waliogopa kuachiwa kazi za wanaonyonyesha. Tukakaa, tukapangiana zamu mpaka wakaridhika. Kufikia mwisho, jambo lilikuwa limeiva jikoni, limebaki kupakuliwa.

Siku ya mkutano wanawake tuliwahi, tukajaza mabenchi ya mbele. Ndugu Maganga alipoinuka kufungua, Bi. Chausiku akamwendea, akamvua kofia, akaikalia.

"Nimeiteka," akasema. "Mpagazi hasafiri kichwa wazi. Ikomboe."

Kiwanda kikaangua kicheko. Mtani akichukua kitu chako huwezi kununa. Ukinuna umejivua utani mwenyewe, na kwa Mnyamwezi hiyo ni aibu kubwa. "Haya, mvivu," akasema akijipapasa upara. "Unataka nini?"

"Sitaki kitu. Msikilize huyu binti mpaka amalize. Ukimkatiza, naenda nayo Mbagala nikapandie mchicha."

Nikasimama. Safari hii nilijua ninachosema. "Ndugu Mwenyekiti," nikaanza, na nikaeleza stoo ilipo, nani atalea, na zamu zetu zilivyopangwa. Akauliza, "Na kazi ikizorota?" Nikamjibu kwamba inazorota sasa, tunapokimbia Tandika na kurudi, stoo ipo nyuma ya meza zetu, mtoto akilia tunamsikia. Akauliza ni akina nani wanaotaka jambo hili. Sikumjibu mimi. Wanawake wote walisimama, hata wale wasio na watoto, na Bi. Chausiku akasimama na kofia mkononi.

Nililia pale pale, mbele ya watu, na sikujali.

Kamati ikaridhia, na stoo ikapakwa chokaa kabla ya mwezi kwisha. Hadija wangu alitambaa mara ya kwanza kwenye mkeka wa chumba kile, na onyo la tatu halikuja kamwe. Mwaka uliofuata, kamati ilipochaguliwa upya, wanawake waliniita mezani wakaniambia wananipeleka mimi. Mwaka mwingine wakampeleka mwenzangu mmoja wa Mbagala, tukawa wawili.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe unayeanza kazi na unataka neno lako liwe na uzito. Usiige ukali wa mtu ukadhani ndio nguvu yake. Hujui ameupata wapi, wala ameulipia vipi. Tafuta ulichonacho wewe. Kabla hujasema "sisi", zunguka, uliza, kaa na yule ambaye shida yako haimhusu mpaka ujue yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukikosea, omba radhi mapema, na usione umepungua. Mimi kuomba radhi ndiko kulikonifungulia mlango wa Ndugu Maganga. Kisha wakikupa kiti, kumbuka hukukitengeneza peke yako, na sogea kidogo mwenzako naye akae.

Nenda kazini, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe masikio kabla ya sauti, akupe wenzako wa kusimama nawe, na siku utakapogeuka kutazama nyuma, ukute mabenchi yamejaa. Amina.