Kila Mara Nilisema Nzuri

Mume wangu ni fundi wa mashine za kufuma vitambaa. Kwa miaka ishirini na mbili, kila Jumamosi akitoka kazini anaoga, anakula, halafu anaingia sebuleni kuijenga redio yake. Naiita redio ili kumuudhi tu. Yeye anaiita mtambo: mashine ya santuri iliyolazwa juu ya bamba la jiwe, amplifaya yenye taa za kioo zinazochelewa kupata moto, na spika mbili zinazonifika kifuani, mbao zake kazipiga randa mwenyewe. Wenzake kiwandani walimpachika jina la Santuri. Mimi nilikuwa nimechoka hata kabla hawajalipata jina hilo.

Sebule yetu haina meza. Wageni wanashika vikombe mkononi. Binti yetu alijifunza kutembea kwa kuruka nyaya, na neno lake la tatu, baada ya mama na baba, lilikuwa "usiguse".

Kila akibadilisha kitu alipaza sauti: "Mama watoto! Vipi hapo?"

Mimi niko jikoni, mikono imejaa povu. "Nzuri!"

"Kuliko jana?"

"Kuliko jana!"

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Sikuwahi hata kukausha mikono nikaenda kusikiliza.

Miaka ya karibuni akaanza kulalamika kwamba sauti imefifia, kama imefunikwa blanketi. Akabadilisha sindano. Akabadilisha nyaya. Akafungua spika, akang'oa zile ndogo za sauti nyembamba, akaweka kali zaidi, kisha kali kuliko hizo. Huku jikoni meno yalianza kuniuma. "Vipi hapo?" Nzuri, baba watoto, nzuri.

Binti yetu, ambaye sasa ni muuguzi, alikuja kutusalimia akaziba masikio mlangoni.

"Baba, hii inatoboa!"

"Masikio yenu yameharibiwa na simu," akamjibu.

Binti akanifuata jikoni. "Mama, na wewe huisikii?"

"Naisikia."

"Tangu lini?"

Nikahesabu kimoyomoyo. "Kama miaka sita."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Wiki ile ile alimpeleka baba yake kwa daktari wa masikio. Kelele za kiwandani zilikuwa zimeua masikio yake kwa sauti zote nyembamba, na hatazisikia tena. Daktari aliuliza kwa nini hakuja mapema, angalau angeanza kuziba masikio kazini akabakiwa na nusu. Mume wangu alisema alidhani ni sindano. Mtambo wake haukuwa na kosa lolote. Kila alichokitengeneza miaka ile sita, alikuwa anakiharibu.

Nilimkasirikia daktari, nikakikasirikia kiwanda, nikajikasirikia mwenyewe zaidi. Ile "nzuri" yangu ilikuwa ya kumnyamazisha nimalize vyombo. Niliona aibu kumtazama usoni.

Jumamosi iliyofuata alinishika mkono, akanikalisha kwenye kiti chake. Hakuna aliyewahi kukikalia.

"Leo nataka ukweli."

"Inachoma," nikasema. "Imechoma muda mrefu. Nisamehe."

Alichukua bisibisi, akarudisha spika ndogo za zamani, kisha akaanza kupunguza makali kidogokidogo, akinitazama kila mara. Bado. Bado. Nilichoka naye, naye alichoka na mimi, lakini safari hii sikusema neno la kumridhisha.

Halafu santuri ikafunguka. Mwanamke alikuwa anaimba na gita, nami nikasikia akivuta pumzi kabla ya kila mstari, nikasikia vidole vikiteleza juu ya nyuzi. Nilikuwa nimeishi nyumba moja na sauti hii, sikujua iko hivi. Machozi yakanitoka.

"Hapo hapo," nikamwambia. "Usiguse tena."

Alisimama katikati ya spika zake, kichwa kakiinamisha upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Kwangu imekufa," alisema, akapiga magoti, akazikaza skrubu zote pale nilipotaka mimi.