Nafasi ya Pili Kwenye Benchi

Mtu wa fotokopi karibu na kampasi ya Kasapa husoma kila anachonakili. Hulamba kidole gumba, hugeuza ukurasa, na kabla hajashusha kifuniko cha mashine huwa ameshameza mistari mitatu. Barua yangu ya kuomba kazi aliisoma pia, akanihurumia. Kuna riwaya moja ambayo wanafunzi huiagiza kila mwaka, ya mama anayepika chakula cha watu wawili akimngoja mgeni. Ameinakili hadi anajua ukurasa ambao mchuzi unamwagika. Mteja mmoja alimwonyesha kwenye simu filamu iliyotokana na riwaya hiyo. Aliitazama yote, akafuta kioo cha mashine kwa kitambaa, akacheka kidogo. "Mu filme banakuonyesha kiti kitupu, unajua palepale mama iko mugonjwa. Mu kitabu, miye pia nilikuwa nangojea ule mugeni."

Kila asubuhi mama mmoja wa mtaa huja kuketi kwenye benchi la kibanda cha fotokopi. Hukaa upande mmoja tu, akiongea taratibu na upande wa pili, ambako hakuna mtu. Zamani mtu wa fotokopi alikuwa akifungulia redio ili asimsikie. Jana nilifika nimechoka, nikainama kuketi kando ya mama huyo, pale palipokuwa wazi. Mtu wa fotokopi akaacha mashine, akanishika mkono kwa vidole vyake vya wino.

"Papa, simama kidogo," aliniambia kwa upole. "Apo iko muntu."