Jagi la Chai Baridi Siku ya Posa

Mimi na Mwamvua hatukuwahi kula sahani moja. Yeye ndiye aliyeolewa juu yangu, na nyumba anayokaa, matofali yake niliyafyatua mimi nikiwa na mimba ya Naima. Sasa mimi nimepanga chumba Chang'ombe, yeye anafagia ua wangu. Kwa hiyo Naima aliponiambia kwamba watu wa Hashimu wataleta posa kwa baba yake, niliuliza swali moja tu.

“Nani atapika?”

“Mama Mdogo atapika pilau. Wewe Mama, nataka ututengenezee chai baridi.”

“Chai baridi? Kwetu chai ikipoa inapashwa moto.”

Alicheka, akanionyesha picha kwenye simu. Jagi kubwa la kioo, ndani yake matunda yanaelea na barafu, juu yamewekwa majani ya mnanaa kama kilemba.

“Akina Hashimu hawagusi pombe, na soda wamezichoka. Nataka wanywe kitu kilichotoka mkononi mwako, warudi Kondoa wakisema, hii alitengeneza mama yake Naima.”

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonishinda.

Maana mkono wangu huu ulikwisha kupewa jina baya. Mwaka ule Mwamvua alipopata mimba yake ya kwanza, mimi mjinga nilimpelekea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, ili watu wasiseme nina kinyongo. Baada ya muda mimba ikatoka. Hakuna aliyenijia usoni. Walinong'ona tu, na mnong'ono ulifika Chang'ombe kabla yangu. Kwenye misiba wakawa wananipa kazi ya kuosha sufuria, si ya kupakua. Abdulwahab, mume wangu, alijua maziwa yale nilikamua kwa mbuzi gani, na hakufungua mdomo.

Lakini na mimi nilikuwa na yangu moyoni. Abdulwahab huyo huyo, zamani kabla hajabaki na Mwamvua moja kwa moja na mimi kuhamia Chang'ombe, aliniambia: “Mama Naima, usile cha Mwamvua. Kwao wanajua dawa.” Nililishika neno hilo kama mtoto anavyoshika upindo wa kanga.

Siku ya posa nilifika asubuhi na kila kitu changu. Maji yangu kwenye dumu, sukari yangu, kisu changu, hata mwiko. Mwamvua alinipokea mlangoni.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba.”

“Karibu. Jikoni ni kwako.”

“Najua ni kwangu.”

Aliinamisha kichwa, akarudi kuchagua mchele wake. Upole wa namna ile mimi siupendi. Mtu akikutukana unajua amesimama wapi.

Nilichemsha majani ya chai peke yake, nikaloweka maua makavu ya choya kwenye maji ya moto peke yake mpaka yakatoa wekundu wake wote. Nilifanya hivyo kwa sababu chai tupu ikipoa inakuwa na rangi ya maji ya kufulia. Sukari niliikoroga ingali moto, kwani kwenye baridi sukari haiyeyuki, inakaa chini kama mchanga. Kisha nikavichuja, nikavichanganya, nikaviacha vipoe. Nikakata nanasi, nikakata machungwa na maganda yake kwa duara, nikakamua pasheni na ndimu. Zabibu zilikuwa za hapa hapa Dodoma, nyekundu, na nilizipasua katikati moja moja nikitoa mbegu. Mwamvua alinitazama.

“Nikusaidie zabibu, dada?”

“Tazama mchele wako.”

Jagi lilipojaa lilikuwa zuri kweli. Nililitazama nikasahau kidogo mahali nilipo. Kisha umeme ukakatika.

Naima alitoka chumbani amefungwa kilemba nusu. “Mama, barafu! Kwenye friji haijaganda!”

Hapo nikakwama. Nikimtuma mtu barafu, sijui atakachochanganya nayo njiani. Nikienda mwenyewe, jagi linabaki na Mwamvua. Nilifikiria kwenda nalo dukani, nikajiona nitakavyotembea barabarani nimekumbatia jagi kama mtoto mchanga. Mwisho nilitandaza kitambaa cheupe juu yake, nikakifunga shingoni kwa kamba. Shule sikwenda. Nilichunga mbuzi wa baba kule Mvumi mpaka siku niliyoolewa, na kuna fundo tunalofungia mbuzi ambalo asiyelelewa nalo hawezi kulirudisha lilivyokuwa. Nililifunga hilo, nikalikaza, nikaondoka.

Duka la karibu barafu ilikuwa imekwisha. La pili hivyo hivyo. Nilipopata ilikuwa mbali, na nilirudi nikihema, maji ya mfuko yakinidondokea miguuni.

Jagi lilikuwa pale pale mezani. Kitambaa kilikuwa pale pale. Lakini kamba ilikuwa imefungwa kitanzi cha kawaida, kile cha kufungia mfuko wa sukari dukani. Na chai ilikuwa imeshuka.

Mwamvua alikuwa akipakua pilau. Hakugeuka.

Kabla sijamuuliza, nilisikia hodi za wageni, vigelegele, na Naima akaingia mbio. Alivuta kamba, akamimina barafu, akatupia mnanaa, akanyanyua jagi.

“Naima, ngoja.”

“Mama, wageni wamekwisha kaa!”

Ningemwambia nini? Kwamba mama yake mdogo amefungua jagi? Angeniuliza, ili aweke nini? Na wageni wangesikia kwamba hawajanywa na tayari ndani ya nyumba tunashtakiana sumu. Posa gani inakaa juu ya neno hilo? Nikamfuata nyuma.

Sebuleni walikuwa wamejaa mkekani na kwenye makochi. Bibi yake Hashimu ndiye aliyekuwa mkubwa wao, mwanamke mfupi wa Kondoa mwenye macho yanayocheka. Alinisalimu kwa Kigogo, “Mbukwa!” kwa lafudhi iliyochekesha watu wote, na mimi nikaitikia. Naima alimimina glasi. Wekundu ule ulipopita kwenye mwanga, watu walisema, “Lo!”

Bibi aliinua glasi yake, akaitazama, kisha akaniangalia.

“Mkwe wangu, kinywaji kizuri namna hii hakinywewi hivi hivi. Toa uchawi kwanza.”

Wageni walicheka. Ni utani wa kila siku. Mwenye pombe huonja kabla ya wageni, mwenye chai vile vile, na kila mtu anajua ni heshima tu. Lakini upande wetu hakuna aliyecheka. Shemeji zangu walitazama mkeka. Abdulwahab alishika kofia yake akaigeuza geuza. Naima alinitazama kwa macho ya kuomba.

Naima akaniwekea glasi mkononi. Nisipokunywa, maziwa yale ya mgando yatakuwa kweli mbele ya wakwe, na mwanangu ataolewa, kama ataolewa, akiwa mtoto wa mchawi. Nikinywa, nakunywa kile alichoweka Mwamvua.

Nikatunga desturi pale pale.

“Kwetu Ugogo, Bibi, hutoa uchawi wawili. Aliyetengeneza na mwenye jiko. Mwamvua! Njoo, mdogo wangu.”

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita mdogo wangu. Alikuja akifuta mikono kwenye kanga. Nikampa glasi yangu mimi, nikasubiri nione uso wake unavyogeuka.

Haukugeuka. Aliinua glasi akanywa, hakuonja, alikunywa mpaka barafu ikamgusa pua, akafuta mdomo kwa kiganja.

“Bado tamu,” alisema.

Neno “bado” liliniingia kama mwiba. Lakini watu walikuwa wananingoja, basi nikajimiminia nikanywa. Ilikuwa chai yangu. Choya, ndimu, pasheni, wala hapakuwa na kingine. Vigelegele vikapigwa, na glasi zikaenda midomoni.

Nilimfuata Mwamvua jikoni, nikarudishia mlango.

“Ulifungua jagi langu.”

“Nilifungua.”

“Uliweka nini?”

“Sikuweka. Nilikunywa.” Alisimama ameegemea mtungi, hanitazami. “Ulipokwenda tu kwenye barafu, nilimimina kikombe nikanywa. Nikakaa hapa kusikiliza tumbo langu. Nikasema, kama kuna kitu, kinianze mimi, kisianze wageni. Ulivyochelewa, nikasema amekimbia. Nikaanza kumwomba Mungu.”

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kucheka.

“Uliniogopa hivyo?”

“Dada, na wewe umekuja na maji yako kwenye dumu. Nyumba hii ina bomba.”

Nikamuuliza, “Nani alikuambia uniogope? Ni yale maziwa?”

“Maziwa yale sikuyanywa. Nilimwaga. Baba Naima aliniambia tangu siku ya kwanza nisiguse chochote kinachotoka kwako.” Akavuta pumzi. “Mimba ilitoka yenyewe. Nilimwambia yeye kwamba nilimwaga. Sikujua kwamba watu hawakuambiwa.”

Nilisimama pale na glasi tupu. Alijua. Miaka yote ile naosha sufuria za misiba, mtu mmoja alijua kwamba maziwa yangu yaliishia mchangani, na mtu huyo alikuwa amekaa sebuleni akigeuza kofia.

“Na mimi aliniambia kwenu mnajua dawa,” nilisema.

Mwamvua alinitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Tulichukua sinia la pilau, yeye huku mimi huku, tukaingia nalo sebuleni.

Jagi lilikuwa karibu kwisha. Vijana walikuwa wanachokonoa zabibu za chini kwa vijiko, na Bibi alikuwa akimwambia Naima kwamba mke anayetoka kwa mama wa namna hii hawamwachi. Nilisikia neno hilo, nikaliweka moyoni. Kisha nikaiona glasi ya Abdulwahab. Ilikuwa imejaa. Barafu ilikuwa imeyeyuka juu yake, maji meupe juu, wekundu chini.

Mwamvua naye aliiona. Ndiye aliyesema, kwa sauti ya watu wote kusikia:

“Baba Naima, mbona yako inalala?”

“Nitakunywa. Tumbo halijakaa sawa.”

“Ebo!” Bibi aligeuka. “Mwenye nyumba hanywi, sisi tumeshakunywa? Mkwe, unatutia wasiwasi!”

Wote walicheka tena, na vicheko vikaisha kimoja kimoja, kwa sababu hakuichukua glasi. Mimi na Mwamvua tulikuwa tumesimama na sinia letu. Hatukuliweka chini.

Aliichukua. Nilikuwa nikidhani alitudanganya sisi wawili ili kila mmoja abaki upande wake, ujanja wa mwanamume mwenye nyumba mbili. Lakini nilimwona akifumba macho kabla glasi haijamfikia, midomo inamcheza, na koo lake likikataa funda la kwanza. Hakuwa anaigiza. Alikuwa ananiogopa. Amekula ugali wangu tangu ujana wake, nimemuuguza, nimemzalia, na siku zote hizo alikuwa akiketi na hofu hiyo pembeni ya sahani.

Alimaliza. Akaweka glasi chini, akashika tumbo, akangoja.

“Haya,” alisema Bibi, “sasa tule.”

Jioni nililiosha jagi mwenyewe. Mwamvua alinifuata na ile kamba mkononi.

“Dada, fundo lile nilihangaika nalo. Unalifungaje?”

Nilipokea kamba, nikaizungusha kwenye kidole, nikaitia mfukoni.

“Ni fundo la mbuzi,” nilimwambia. “Hapa hamfugi.”

Kisha nikachukua dumu langu. Bado lilikuwa na maji. Niliyamwaga kwenye miche yake ya nyanya mlangoni, nikaondoka nalo likiwa tupu.